Tezi za shingo, amoksilini na neno lililosemwa mapema: kisa cha kijana wa Wete

Aliyeugua ni mtoto wa dada yangu. Ana miaka 17, anasoma Unguja na analala dakhalia, na likizo hurudi kwao Wete, Pemba. Mimi ni muuguzi. Haya nimeyaandika kwa ruhusa yake na ya mama yake, na yanayoweza kumtambulisha nimeyaondoa. Siku zile nyumba yetu ilikaa matanga kwa mtoto aliye hai, na sehemu ya kosa ilikuwa yangu.

Alishuka boti Mkoani akiwa mchovu, akalala njia nzima mpaka Wete. Mama yake akasema ni mitihani. Siku ya tatu homa ikawa inapanda kila ikifika magharibi, siku ya nne hamezi hata uji. Bibi yake alimfungua mdomo kwenye mwanga wa mlango, akatazama, akasema kimeo kimeshuka. Akataka aitwe mkata kimeo kabla ya Ijumaa.

Dada yangu hakutaka mtoto akatwe, lakini hakutaka kumvunjia heshima mkwewe mbele ya watu, basi akanipigia simu ili jibu litoke kwangu. Nilikuwa kazini Unguja, wodi imejaa. Nikamsikiliza dakika mbili. Homa, koo, mafindofindo yamevimba na yana ukungu mweupe. Nikamwambia asikatwe kimeo, anunue amoksilini duka la dawa, anywe siku saba. Nilimwambia hivyo kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Sikumuuliza shingo ikoje nyuma. Sikumuuliza tumbo. Sikumwambia ampeleke akaonwe.

Kuhusu kimeo nilikuwa sawa, na nitalirudia hilo hapa chini. Kuhusu amoksilini nilikosea.

Siku ya tisa akaamka mwili mzima mwekundu. Vipele vilianza kifuani, vikashuka mikononi na mapajani, vinawasha mpaka hakupata usingizi. Kope zilikuwa zimevimba, na shingo imejaa pande zote mbili hata kola ya shati haifungiki. Watu waliokuja kumtazama wakaona mtoto anayeharibika kila siku huku anakunywa dawa. Ami yake akaazima gari, wakampeleka hospitali hapo hapo Pemba.

Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Damu ilipimwa kwa mashine, na hapo ndipo mambo yalipogeuka. Chembe nyeupe zilikuwa 19,800, wakati kawaida hazizidi kama 11,000. Katika hizo, limfosaiti, zile chembe nyeupe zinazopigana na virusi, zilikuwa asilimia 67, nyingi kuliko kawaida. Hemoglobini 12.9. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, 131,000, chini kidogo ya mpaka. Mashine ikatia alama kwamba kuna seli isizozitambua. Aliyempima tumbo akaigusa bandama chini ya mbavu za kushoto, na bandama ya mtu mwenye afya kwa kawaida haiguswi.

Jumlisha: tezi, bandama, seli za ajabu, tonsesi moja kubwa kuliko nyenziwe, kijana anayekonda. Mhudumu mmoja, ambaye sitomtaja wala sitoitaja hospitali, alimwita dada yangu ukumbini na kumwambia hivi: "Mama, jitayarishe, hii inaweza kuwa saratani ya damu au ya tezi." Kwenye daftari la mtoto akaandika neno hilo, akalifuatisha na alama ya kuuliza. Dada yangu hakuiona alama ya kuuliza.

Nataka kukaa hapa kidogo, maana watu wa kazi yetu huona sentensi ile ni uaminifu. Orodha yake haikuwa ya uongo. Limfoma, yaani saratani ya tezi, na saratani ya damu lazima zifikiriwe mbele ya dalili hizo, na asiyezifikiria naye ana hatari. Lakini kulifikiria jambo na kulisema ukumbini kabla mtu hajaitazama damu kwa hadubini ni vitu viwili. Kwetu, ukisikia fulani kapelekwa Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, huulizi tena anaumwa nini. Jioni ile ile nyumba ilijaa. Wanawake waliingia na vitambaa machoni. Ami alikuwa kishaanza kuzungumza na mtu juu ya kuiweka rehani mikarafuu, tena karafuu zenyewe ziko majamvini zinaanikwa, ili ipatikane nauli na gharama za Dar es Salaam. Bibi akarudia kwamba angekatwa kimeo mapema yasingefika haya. Dada yangu hakula siku mbili. Mtoto mwenyewe alikuwa chumbani, anasikia kila kitu.

Nilivuka siku ya kumi na moja. Nilipomfungua mdomo niliona mafindofindo yamekutana katikati, yamevikwa utando wa kijivu, na juu kwenye kaakaa vidoa vidogo vyekundu kama vya ncha ya sindano. Tezi za mbele ya shingo zilikuwa kubwa, lakini zilizonishtua ni za nyuma, msururu mzima nyuma ya msuli wa shingo. Koo la bakteria wa kawaida huvimbisha zaidi za mbele, chini ya taya. Nikazigusa: zinauma, zinateleza chini ya kidole, hazijashikana. Kwapani zipo, ndogo. Juu ya mtulinga hakuna. Hapo ndipo nilipoanza kujilaumu kwa ile simu.

Tukampeleka Unguja kwenye hospitali kubwa. Fikra ya kwanza pale ilikuwa kuitoa tezi moja na kuipima. Daktari wa zamu, kijana tu, aliomba kwanza mambo mawili. La kwanza ni tarehe. Akataka kila kitu kwa siku: homa siku ya ngapi, koo siku ya ngapi, dawa ilianza lini, vipele vilitoka siku ngapi baada ya dawa. La pili ni kwamba tone la damu lipakwe kwenye kioo na mtu alitazame kwa macho yake.

Fundi wa maabara alinikaribisha nikatazama naye. Nimekuwa muuguzi miaka mingi, na hakuna aliyewahi kunionyesha hivi. Akaniambia: "Dada, seli za saratani ya damu ni kama watoto wa tumbo moja, zote zina sura moja. Hizi kila moja ina uso wake." Kweli. Moja kubwa, moja ndogo, moja ina kiini cha mviringo, nyengine kimekunjika, na nyingi zilikuwa laini ukingoni, zimejibonyeza kwenye chembe nyekundu zilizo jirani kana kwamba zimeziegemea. Zile ni limfosaiti zilizoamshwa na maradhi na kutoka kupigana. Mashine huhesabu na kupima ukubwa, na ikikuta seli kubwa kuliko kawaida inaweza kutia alama tu, isijue imeona askari au mwasi.

Akataja jingine nililolipita kwenye ile karatasi. Saratani kali ya damu huijaza mifupa, hata kiwanda cha damu kikakosa nafasi. Ndiyo maana mara nyingi hemoglobini huanguka na chembe sahani huporomoka vibaya. Huyu hemoglobini yake ilikuwa karibu na kawaida, na chembe sahani zimepungua kidogo tu. Vimeng'enya vya ini vilikuwa juu mara tatu, bila macho kuwa ya manjano. Vipande vyote vilikuwa vinaelekea upande mmoja, na kipande kikubwa kilikuwa vile vipele vyangu.

Nasema vyangu kwa sababu vilitokana na dawa niliyoiagiza mimi. Virusi vya Epstein-Barr vinapokuwa vinaushughulisha mwili, amoksilini au ampisilini huweza kuleta vipele vya namna ile, siku kadhaa baada ya kuanza dawa. Ripoti za zamani zilisema hutokea karibu kwa kila mgonjwa. Utafiti wa karibuni umepata ni kama theluthi moja. Vyovyote iwavyo, kijana mwenye koo, tezi za nyuma ya shingo na vipele juu ya amoksilini anakutajia ugonjwa wake mwenyewe. Ugonjwa huo ni homa ya tezi, unaoletwa na virusi hivyo. Aghalabu vipele hivyo si mzio wa maisha, ingawa kuthibitisha hilo ni kazi ya daktari baadaye na si ya kujaribu nyumbani.

Damu ilipelekwa maabara ya Dar es Salaam kutafuta kingamwili. Jibu lilikuja baada ya siku tano. Kingamwili za mwanzo dhidi ya ganda la kirusi zipo. Zile za mwisho, ambazo hujitokeza miezi miwili mpaka minne baadaye na kubaki umri mzima, hazipo. Maana yake maambukizi ni mapya. Kipimo cha VVU hakikuonyesha maambukizi, na daktari akaandika kirudiwe baada ya wiki sita, kwa sababu VVU vikiwa vipya kabisa navyo huleta koo, tezi na homa kama hii, na kipimo cha haraka huweza kuwa bado hakioni.

Kwa nini hakuna aliyeifikiria homa ya tezi mapema? Sababu moja ni kwamba kwetu huipati sana kwa vijana. Zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanavyo virusi hivi. Afrika watoto wengi huvipata kabla hawajatimiza miaka mitatu, na mtoto mdogo huugua kidogo tu, mafua, homa ya siku mbili, kikapita na jina lake hakijulikani. Anayechelewa kuvipata mpaka ujana ndiye anayeugua hivi. Basi mhudumu anaweza kufanya kazi miaka hapa Pemba asimwone kijana kama huyu, akimwona akili inakwenda kwenye yale ayajuayo: kifua kikuu cha tezi, VVU, saratani. Siwezi kumlaumu kwa alichokiona. Namlaumu kwa pale aliposimama kukisema.

Jina lake la mitaani huko Ulaya na Marekani ni ugonjwa wa kubusiana. Mmoja katika jamaa alilisoma kwenye simu na kulileta nyumbani, na nusura litufungulie msiba mwengine. Baba wa mtoto, mtu wa dini, alikaa kimya kikubwa. Ilibidi nimweleze mbele ya mkewe kwamba virusi hukaa kwenye mate, na mate hupita kwenye kopo moja la maji linalozunguka dakhalia nzima, kwenye kijiko, kwenye chupa ya mazoezini. Tangu kuambukizwa mpaka kuugua hupita wiki nne hadi sita, hata hakuna atakayejua ni kopo gani. Nikamwambia, "Shemeji, usimuulize mtoto asilolijua." Hakumuuliza.

Sasa lile la kukatwa tezi. Watu hudhani kinyama kikishakatwa na kupimwa ndio ukweli wa mwisho. Kwa maradhi mengi ni hivyo. Kwa homa ya tezi iliyo mbichi si hivyo, na hili ndilo ninalotaka hasa wasomaji wenye wagonjwa walijue. Tezi au tonsesi ya mgonjwa wa Epstein-Barr ikitazamwa katika wiki zile, huonekana imejaa seli kubwa zinazogawanyika kwa kasi, na baadhi yake hufanana na seli za Reed-Sternberg, ambazo ndizo alama ya limfoma ya Hodgkin. Mpimaji asiyeambiwa kwamba mwenye kinyama ni kijana wa miaka 17 mwenye koo la wiki mbili na vipele vya amoksilini anaweza kuandika limfoma kwa nia safi kabisa. Akiambiwa, hufanya vipimo vya ziada vya rangi na kutafuta kirusi ndani ya seli. Karatasi ya maombi iliyoandikwa "tezi ya shingo" peke yake humwacha gizani. Kama tezi ya mtoto wetu ingekatwa siku ya kumi na mbili na kupelekwa na karatasi kama hiyo, sijui tungekuwa tunazungumza nini leo.

Kuna undugu wa kweli baina ya kirusi hiki na saratani, na nadhani ndio unaochanganya watu zaidi. Mwaka 1958, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Kampala, aliandika juu ya uvimbe wa taya kwa watoto wa Uganda. Vinyama vikapelekwa London kwa ndege, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakatangaza kwamba wameona kirusi ndani ya seli za uvimbe ule. Kwa muda kikajulikana kuwa ni kirusi cha saratani. Kisha Philadelphia, kwenye maabara ya Werner na Gertrude Henle, fundi mmoja ambaye damu yake ilikuwa haina kingamwili za kirusi hicho aliugua homa ya tezi. Alipopona damu yake ikawa nazo. Ndivyo ilivyojulikana, mwaka 1968, kwamba kirusi kile kile cha uvimbe wa watoto wa Uganda ndicho kinacholeta koo la vijana. Anayesoma nusu ya hadithi hii huona mwanawe amepata kirusi cha saratani. Ukweli ni kwamba karibu sisi sote tunacho, na wanaopata saratani kwa ajili yake ni wachache mno, na kwa kawaida kuna jambo jingine limeungana nacho. Kwa uvimbe wa Burkitt, malaria ya mara kwa mara utotoni ni mojawapo.

Matibabu yenyewe yalikuwa mafupi. Amoksilini ikasimamishwa. Parasetamoli, maji kwa wingi, maji ya chumvi ya kusukutua. Kulikuwa na pendekezo la kumpa predinisoloni ili shingo ishuke haraka, na familia ililipenda sana. Daktari akakataa, akatueleza. Dawa hizo huhifadhiwa kwa anayezibwa pumzi na mafindofindo. Ubaya wake mwengine ni kwamba kama ndani kungekuwa na limfoma, predinisoloni ingeisinyaza kwa muda, tukafurahi, na kinyama kikikatwa baadaye kisisomeke. Akatuandikia ya kurudi nayo mbio: akishindwa kumeza mate, akivuta pumzi kwa sauti, akishikwa na maumivu makali ubavu wa kushoto au begani kushoto.

Hilo la ubavu ni la bandama. Ikivimba hutoka kwenye ngao ya mbavu na ngozi yake hunyooka, na katika wiki tatu au nne za mwanzo inaweza kupasuka kwa pigo, mara chache hata bila pigo. Ni nadra, chini ya mtu mmoja kati ya mia, lakini ikitokea ni damu tumboni. Kwa hiyo mpira marufuku. Daktari alikuwa wa Unguja mjini, hakufikiria jingine. Mama yake ndiye aliyeuliza: "Na mikarafuu?" Msimu ulikuwa haujesha, na kijana wa Wete wa miaka 17 hapumziki likizo ya msimu, anapanda. Mkarafuu ni mrefu, matawi yake hukatika ghafla, na kila mwaka watu huanguka. Daktari akaandika kwa herufi kubwa: ASIPANDE. Naona swali lile la dada yangu lilikuwa na thamani sawa na kipimo cha Dar es Salaam.

Na kimeo pia ndiyo maana nasema nilikuwa sawa. Kukata kimeo ni hatari wakati wowote, kwa damu, kwa usaha, kwa pepopunda. Katika koo lililovimba namna ile, na chembe sahani zimepungua, kumtia mtoto kisu mdomoni kungeweza kumaliza kisa chetu siku ya sita. Bibi nilimweleza polepole, nikamwonyesha kwa tochi kwamba kimeo kimesukumwa mbele na mafindofindo. Alitazama muda mrefu. Akasema, "Basi kilikuwa kinabanwa." Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa akimtengenezea uji.

Kilichobaki kilikuwa kungoja, na kungoja kwenyewe kulikuwa na utaratibu. Daktari alipima tezi kubwa kuliko zote, nyuma ya shingo upande wa kulia, kwa rula: sentimita 3.5. Akaandika tarehe. Akasema arudi baada ya wiki mbili, nne na sita. Akamwambia dada yangu maneno niliyoyahifadhi: "Mama, naamini ni virusi. Nitajua nimekosea kama wiki ya sita tezi haijapungua, au ikikua, au ikitokea nyengine juu ya mtulinga, au akianza kutota jasho la usiku na kukonda. Hapo tutakata, na sitongoja." Dada yangu alilala usiku ule. Alipewa khofu yenye mpaka na tarehe.

Nisije nikaeleweka kwamba kila koo liachwe lipone. Mtu wa miaka 50 mwenye tonsesi moja iliyokua peke yake, isiyouma, anayetafuna tambuu na tumbaku au anayevuta sigara, huyo si wa maji ya chumvi. Tezi ngumu ya shingo isiyouma, pamoja na sikio moja kuziba au pua moja kutoka damu, inaweza kuwa saratani ya nyuma ya pua, nayo ina undugu na kirusi hiki hiki. Tezi zilizoshikana na kulainika ni za kuchunguzwa kifua kikuu. Homa ya tezi huja kwa siku chache, pande zote, kwa maumivu, kwa kijana, halafu hurudi nyuma. Kisichorudi nyuma kipewe jina jingine mapema.

Wiki ya pili vipele vilikuwa vimekwisha na anakula wali. Tezi sentimita 2.5. Wiki ya nne 1.5, bandama haiguswi, chembe nyeupe 7,400. Uchovu ulimganda zaidi ya yote. Alikuwa akilala baada ya adhuhuri mpaka alasiri, na skuli ilipofunguliwa alichelewa wiki moja. Wiki ya sita tezi ilikuwa kama punje ya mbaazi, na kipimo cha VVU kilichorudiwa hakikuonyesha kitu.

Siku hiyo ya mwisho dada yangu alimwomba daktari auchane ule ukurasa wenye lile neno. Daktari alisema ukurasa wa mgonjwa hauchanwi. Akauweka mezani, akapiga mstari mmoja juu ya neno pamoja na alama yake ya kuuliza, namna ya kuweza bado kusomeka, akaandika pembeni "homa ya tezi, imethibitishwa", akatia tarehe na saini. Chini yake akaongeza: vipele baada ya amoksilini, aulizwe kabla ya kupewa tena. Mtoto akalichukua daftari, akasoma kila mstari, kisha akauliza kama mwakani ataweza kupanda.